Saizi ya Mwenyekiti

Mambo yote yaliharibika Jumatano, tarehe tisa Julai, mwaka 2025, kabla jua halijafika utosini, katika hospitali ndogo ya misheni iliyoko ufukweni, si mbali na Mbamba Bay. Mpaka asubuhi ya siku hiyo Othmar Ndunguru alikuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine. Alipotoka pale alikuwa mgonjwa mwenye kijicho, na kijicho hakina kliniki wala siku ya kurudi.

Madaktari wageni walikuwa wamekuja na mashine za kuwasaidia watu wanaokatika pumzi usingizini. Zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ya Othmar, mkulima wa kahawa na mahindi wa kule juu Mbuji, mgane, aliyeishia darasa la nne. Ya pili ilikuwa ya Joakim Kapinga, wa Mbuji hukohuko, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Wawili hao walipata kipaimara siku moja, wakaja kukoroma sawasawa uzeeni, na usawa wao uliishia hapo.

Mashine zenyewe zilifanana: kiboksi cha kijivu, bomba refu la mpira, na mikanda ya kuvaa kichwani. Tofauti ilikuwa kwenye vipakiti viwili vilivyowekwa pembeni. Ndani ya kila kimoja kulikuwa na vimpira viwili laini vilivyoungana, mfano wa nyonyo za chupa ya mtoto, vya kukaa kwenye matundu ya pua ili hewa ya mashine ipite. Kipakiti kimoja kilikuwa na herufi L, kingine S. Nesi Eunice, ambaye ndiye angewapima, aliitwa mbio wodi ya wazazi. Wageni nao walikuwa wanasubiriwa na wakubwa kwenye chakula, samaki aina ya mbelele wa kuchoma, na harufu yake ilishafika mpaka mapokezi. Mmoja wao alisema maneno marefu, mkalimani akayafupisha: "Kila mtu achukue kinachomfaa. Mtazoea." Wakaondoka.

"Mwenyekiti, tangulia," akasema mtu kwenye benchi.

Ndivyo ilivyo Mbuji. Kwenye mkutano mkuu wa chama huchinjwa ng'ombe, na kidari ni cha mwenyekiti. Hakuna anayemuuliza kama bado ana meno. Joakim alinyanyuka, akaviangalia vipakiti, akatwaa chenye L. Yeyote aliyewahi kununua koti la mtumba pale sokoni Mbinga anajua L ni ya nani.

"Baba Bonifasia, chukua hicho kingine," alimwambia Othmar.

"Hiki kidogo?"

"Si umekonda siku hizi, ndugu yangu."

Benchi zima likacheka. Othmar alikitia kipakiti mfukoni, akatazama chini. Hata tundu la pua, alijiambia, sasa linagawiwa kwa cheo.

Alipokuwa na mke hakuhitaji mashine. Kunigunda alikuwa na kiwiko. Pumzi ya mumewe ikikatika usiku, kiwiko kinamwingia ubavuni, "Othmar, vuta!" naye anavuta. Miaka mingi alivuta pumzi kwa amri ya mwanamke yule, asijue kwamba anatibiwa. Kunigunda alifariki kwa presha kwenye zahanati yenye jengo jipya, bango jipya na kabati tupu la dawa, na Othmar hakuwahi kuwasamehe waliokuja kukata utepe wa jengo lile. Baada ya msiba ndipo usingizi wa mchana ulipomvamia. Alisinzia kanisani. Alisinzia akilinda kahawa kwenye kichanja, akaamka nguruwe wa jirani wamemzunguka wanatafuna. Daktari wa Mbinga hakumficha: "Mzee, kila usiku moyo wako unapandisha mlima na mzigo. Usipopata hewa, iko asubuhi ambayo hutaamka."

Kwa hiyo haikuwa mchezo. Tena Nesi Eunice aliongeza la kwake kwa simu: mashine ile inajihesabia yenyewe jinsi inavyotumika, kliniki ya Novemba akiikuta ilikuwa inakaa bure, ataichukua. Kuna mgonjwa wa Tingi anaingoja.

Othmar alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu. Zile nyonyo za S zilimzama puani zikamchoma, na hewa ikatoka pembeni ikipiga mluzi. Sasa mtu wa kahawa akiona kitu kinavuja anajua dawa moja tu: kaza. Gunia likivuja unakaza kamba, mzigo ukilegea kwenye pikipiki unakaza mpira. Alikaza mikanda mpaka masikio yakajikunja, akaamka na michirizi mashavuni na vidonda kwenye kingo za pua. Akapaka vidonda mafuta ya mgando, nyonyo zikateleza. Akakaza zaidi. Umeme ukikatika, na hukatika wanavyotaka wao huko juu, anabaki na bomba usoni, giza, hana hewa ya mashine wala ya Mungu. Mwishowe akawa anaivaa kidogo, anaivua, anaifunika kwa kitenge cha marehemu, maana hakupenda ilivyokuwa inamtazama.

Kilichomuunguza zaidi ni habari za nyumbani kwa mwenyekiti.

"Baba yao siku hizi analala kama mtoto mchanga," Walburga, mke wa mwenyekiti, aliwaambia wanawake wenzake kwenye mashine ya kusaga, walipokuwa wakisubiri kusagiwa unga. "Namfunga mikanda yake, nampigapiga begani, basi. Mpaka kengele ya misa ya asubuhi."

"Hongera, Mama! Sasa na wewe unalala."

"Nalala, mwenzangu. Zamani ilikuwa kama kulala na trekta."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Othmar alikuwa palepale na debe lake la mahindi, mwanamume peke yake kwenye foleni. Namfunga mikanda yake. Maneno hayo yalimlemea njiani kuliko unga.

Jumapili iliyofuata Joakim aliingia kanisani na miwani myeusi, akakaa benchi la mbele, kichwa wima. Miwani ya jua ndani ya nyumba ya Mungu! Othmar, nyuma karibu na mlango, akijifinya paja asisinzie, aliielewa ile miwani kwa namna moja tu: huyu ameshiba usingizi, sasa anaringa nao.

Na mambo hayakuishia kwenye usingizi. Ukisimama mlangoni kwa Othmar, ng'ambo ya bonde unaliona shamba la mwenyekiti, mlima mzima umechimbwa ngoro, shimo kwa shimo, utadhani sega la nyuki. Ngoro ni kazi ya wawili. Mwanamume anafyeka majani na kuyapanga miraba mlimani. Mwanamke anafuata na jembe, anachimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia majani, linabaki shimo la kukamata mvua. Mwezi wa tatu mwaka huohuo, kabla ya mashine, Othmar alifyeka, akapanga miraba yake imenyooka vizuri kabisa, akasimama. Hakuna aliyefuata. Bonifasia, binti yake wa pekee, ameolewa Tingi na ana ngoro zake. Majani yakakauka juu ya ardhi, upepo ukayabeba, mengine ukayaangusha kwenye kahawa ya mwenyekiti. Hata majani yangu yalienda kwake, alisema sasa Othmar peke yake, akasonya.

Oktoba, asubuhi moja, alizing'oa zile nyonyo kwa meno kwa hasira, akazitia mfukoni mwa koti, akakata bonde kwenda kwa mwenyekiti. Nia yake ilikuwa kuzitupa mezani na kusema: Haya, tazama ulichoniachia. Maneno aliyapanga njia nzima, na yalikuwa maneno mazuri sana. Alipiga hodi. Joakim alikuwa ofisini kwake; Walburga alisikika nyuma ya nyumba akigombana na nguruwe. Dirisha lilikuwa wazi. Pale dirishani, juu ya kitambaa cheupe kilichofumwa maua pembeni, mikanda ya mwenyekiti ilikuwa imelazwa pamoja na nyonyo zake, imeoshwa, inanukia sabuni, kila ncha imenyooshwa kwa mkono.

Othmar alikitazama kile kitambaa kuliko alivyoitazama mikanda. Yake ilikuwa haijaguswa na maji tangu Julai.

"Hodi," alisema tena, hodi ya mtu anayeomba asijibiwe.

Mkono wake ukaingia dirishani. Nyonyo za L zikachomoka, za S zikachomekwa mahali pake. Akashuka kwa njia ya migombani, jasho linamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Huu si wizi, alijiambia. Ni kugawana upya, kama ilivyotakiwa siku ile, laiti wakubwa wasingekimbilia samaki.

Jioni aliziosha kwa maji ya moto na sabuni, akanawa uso, akalala nazo. Hazikuzama. Zilikaa mlangoni mwa pua, zikajaa hewa, zikatulia. Mluzi ukakoma. Alivuta pumzi moja, akavuta ya pili, akawa anangoja kiwiko. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshafika miguuni mwa kitanda na jogoo alikuwa amemaliza kazi yake bila yeye. Akaketi ameshika magoti. Mwili ulikuwa mwepesi mpaka akauogopa. Alilia kidogo, halafu akacheka.

"Kumbe huu ndio usingizi wa wenyeviti!"

Hapo hasira ikarudi mara mbili. Yule mtu amekuwa akilala hivi tangu Julai! Pua pana hii ya ukoo wa Ndunguru inateseka na vijiti, na Joakim, ambaye pua yake ni nyembamba kama makali ya kisu, amelalia haki ya mwenzake!

Jumapili alienda kanisani mapema akachagua mahali pa kuonea vizuri. Alitaka kumwona mwenyekiti akianguka usingizi benchi la mbele, padri anatazama. Joakim akaingia. Hana miwani. Macho meupe, uso umenyooka. Alisikiliza mahubiri yote, akaimba besi, akasimama kutangaza mkutano wa chama bila kupiga mwayo hata mmoja. Othmar alisahau hata kuitikia amina. Umemwibia mtu, naye ananawiri!

Siku ya kliniki walishuka ziwani kwa pikapu ya chama. Mwenyekiti na mkewe walikaa mbele na dereva. Othmar alikaa nyuma kwenye matenga matupu, amezipakata mashine zote mbili, yake na isiyo yake. Njiani, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza chini kabisa, dereva alisimama kutia maji kwenye rejeta. Walburga alishuka, akamletea Othmar kiazi cha kuchemsha.

"Shika, Baba Bonifasia. Safari bado."

"Asante, Mama."

"Zile nyonyo zina alama ya jino."

Othmar alikishusha kiazi. "Nyonyo zipi?"

"Baba yao hang'ati mipira. Mimi ndiye ninayeziosha kila siku, nazijua."

"Mama, mimi sikuja kwa—"

"Kula kiazi, kitapoa." Alitazama ziwa, akajifunga kanga upya. "Siku nyingine piga hodi ya kusikika."

Akarudi mbele, akafunga mlango taratibu.

Hospitalini joto lilikuwa la ufukweni, la kumvua mtu wa Mbuji koti. Nje ya dirisha wanawake walikuwa wameanika usipa, samaki wale wadogo, eneo zima linang'aa. Nesi Eunice, binti wa hapohapo ziwani, aliingia akikunja mikono ya gauni.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

Aliiwasha mashine ya mwenyekiti, akabonyeza, akakunja uso. Akawasha ya Othmar, akabonyeza, akawatazama wote wawili.

"Mwenyekiti, yako ilikaa karibu kimya tangu ulipopewa. Imeanza kazi ya maana Oktoba. Na yako, Mzee Othmar, hivyohivyo. Wiki ileile! Mlifanya nini huko mlimani, mliapishana?"

 Walburga alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba wake, kitu ambacho hakikuwamo.

"Mambo ya umeme, mwanangu," Joakim akasema.

"Umeme kweli," Othmar akadakia, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza tangu azaliwe kuunga mkono hoja ya mwenyekiti.

Akili yake ilichelewa kidogo, kisha ikafika. Imekaa kimya tangu Julai. Basi yule mtu alikuwa hapati usingizi! Zile L zilikuwa haziingii puani mwake, hewa inampanda machoni mpaka anaivua mashine, anakesha, mchana anayaficha macho mekundu kwa miwani, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya watu akasema naomba saizi ndogo. Othmar alitaka kucheka. Miezi yote amemwonea mtu wivu kwa usingizi usiokuwepo!

Lakini kicheko hakikutoka, kwa sababu ya yale maneno ya kwenye foleni ya unga. Analala kama mtoto mchanga. Walburga alijua si kweli. Alisimama mbele ya wanawake wenzake akamdanganyia mumewe, aibu yake isionekane. Na Othmar akamkumbuka Kunigunda, siku ile moja yeye Othmar alipokoroma katikati ya mahubiri, watu wakageuka, na mkewe akawaambia bila kupepesa macho, "Mwacheni, Baba Bonifasia anatafakari."

"Haya, laleni," Eunice alisema. "Mikanda haipimwi mtu amekaa. Uso wa aliyelala hushuka, hauwi uleule."

Joakim alipanda kitanda cha kwanza. Walburga hakungoja kuelekezwa. Alimpangusa uso kwa ncha ya kanga, akaweka vimpira, akawasha mashine, akaanza kulegeza. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Akapitisha vidole viwili chini ya mkanda, akaivuta nyonyo mbele kiasi cha kuipa nafasi ijae upya, akaiachia ikae yenyewe.

"Inakuuma?"

"Hapana."

"Geukia ukutani. Inavuja?"

"Hapana, Mama."

Mwenyekiti wa chama cha msingi, mtu anayegonga meza kwenye mikutano mpaka soda zinamwagika, alisema hapana Mama, akafumba macho, akasinzia mchana kweupe, mkono wake umeshika pindo la kanga ya mkewe.

Othmar aliutazama ule mkono. Alikuwa amehangaika na herufi, miwani, kidari, L na S, na muda wote kijicho chake kilikuwa kinaelekea hapa, kwenye vidole viwili chini ya mkanda. Kitu hiki hakichukuliki dirishani.

"Zamu yako, Mzee Othmar."

Alilala. Eunice akamwinamia, akamshika pua, akaridhika.

"Saizi imekukaa kabisa. Lakini tazama hapa pembeni, kidonda kinaanza tena. Unakaza?"

"Nakaza kidogo."

"Mzee wangu, umefunga gunia hapa."

"Sasa nifungeje? Nikiwa nimelala mikono inavuta yenyewe. Nikikaa, unasema si hivyo."

"Ndiyo maana inataka mtu wa pili, alegeze wewe ukiwa umelala. Tena si mara moja. Mikanda hunyooka, uso hubadilika, inataka kurekebishwa kila baada ya siku chache. Ukiendelea kukaza peke yako, kidonda kitakua, utaivua, na ukiivua nitaichukua. Sitaki, lakini wa Tingi bado anangoja."

Othmar alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kuwaambia wakubwa: wanaleta mashine, wanapiga picha nayo, wanakula samaki, na hakuna hata mmoja anayefikiria kwamba usiku una watu wawili. Lakini hewa ya mashine ilimtoka mdomoni ikayabeba, akaufunga. Vidole vya Eunice vililegeza kushoto, vikalegeza kulia, vikavuta, vikaachia. Nyonyo zikatulia mlangoni mwa pua, hazigusi kidonda. Kwenye kitanda cha kwanza Joakim alikuwa anapumua polepole, na Walburga alikuwa amekaa kimya ili asimwamshe, uso wake ameuelekeza dirishani kwenye usipa.

"Umeona inavyotakiwa kukaa?" Eunice aliuliza. "Hivi hivi. Sasa kule nyumbani, Mzee wangu, nani atakulegezea?"